Daftari na Mwezi

Barua ilikuwa na mistari mitatu.
Wa kwanza: jina langu, wamelikosea herufi moja.
Wa pili: kuanzia leo mimi ni Mwalimu Mkuu.
Wa tatu: nakutakia kazi njema.

Nilikabidhiwa mhuri uliokauka wino,
funguo saba, tatu hazina makufuli,
na deni la chaki dukani kwa Bugumba.
Juzi nilikuwa nafundisha desimali darasa la sita;
leo watoto mia saba na walimu tisa
wananitazama kana kwamba nimemeza ramani.

Basi nikafanya nilichoona wakubwa wangu wakifanya:
nikakaa ofisini, nikakohoa kwa sauti,
nikashika fimbo hata pasipo wa kuchapwa.
Kabati la vitabu nikalifunga mara mbili
visije vikachakaa.
Mchwa hawakuhitaji ufunguo.

Mwaka wa pili tukaitwa Butimba,
wakuu ishirini na wawili wa shule zisizo na madirisha.
Nilitegemea posho na soda.
Mama Nyanjura, mstaafu, mfupi, miwani imefungwa uzi,
hakutuuliza ufaulu.
Aliandika ubaoni: Nani hayupo? Yuko wapi?
Akanyamaza mpaka viti vikaanza kulalamika.

Nilirudi Kayenze na swali hilo
kama mwiba wa sato kooni.
Usiku nikayatandika sakafuni madaftari ya mahudhurio,
miezi minane.
Alama za utoro hazikutawanyika kama manyunyu;
zilikuja kwa mafungu, zikaondoka, zikarudi,
kama kitu kinachopumua.
Nikatoka nje kujinyoosha. Mwezi ulikuwa mpevu.
Ziwani hapakuwa na taa hata moja.

Mwezi ukijaa, dagaa hawafuati taa,
mitumbwi inalala, watoto wanakuja.
Giza likishika, ziwa linageuka mji,
na alfajiri darasa la tano zima liko mchangani,
linaanika.
Miaka kumi na minne nimekula dagaa hao,
nimewachapa watoto hao,
sikuwahi kuinua shingo.

Nikaenda ufukoni saa kumi na mbili,
daftari kwapani, fimbo nimeiacha.
Limi alishika reki iliyomzidi kimo.
Aliponiona aliilaza chini, akanyoosha kiganja
apigwe.
Kilikuwa kinameta magamba.
Nilisahau nilichokuja kusema.

Mama yake ndiye aliyesema:
"Mwalimu, jua halinisubiri.
Dagaa wakilowa ni chakula cha kuku,
na hilo daftari lake nanunua kwa dagaa."

Kikao cha walimu kilikuwa kirefu.
Majura akasema ratiba ni ya wizara, si ya samaki.
Nilitaka kupiga meza. Badala yake nikamuuliza:
wewe ungefanyaje?
Alinuna siku nne. Ya tano akaleta karatasi:
siku za giza, kusoma na hesabu vihamie saa nane mchana,
naye atabaki.
Nikafungua kabati. Vitabu vilivyosalia vikatoka,
watoto wakasoma wakikisia maneno yaliyoliwa.

Sitasema uongo: kumi na watatu bado hawaji.
Mmoja yuko visiwani, hakuna ajuaye kisiwa gani.
Choo cha wasichana kimetitia.
Lakini siku hizi nakaa dawati la nyuma, magoti yamenibana,
nasikiliza desimali kwa sauti ya mwingine
na baadaye tunazungumza, mimi na yeye, mlango wazi.

Wiki iliyopita Majura alipata barua ya mistari mitatu.
Anakwenda Kome.
Nikampa nisichopewa mimi: kalenda,
kila ukurasa nimechora mwezi kwa penseli.
Akaigeuza, akaigeuza tena.
"Na kama huko wanavua sangara?"

Nikacheka. Sikuwa na jibu.
Nikaichukua kalenda, nikaandika mgongoni mwake
maswali mawili,
nikamrudishia.